Mawazo Si Mwenye Mawazo: Tiba ya Uzingativu kwa Wanaoishi na Sonona

Hotuba kwa wauguzi, maofisa ustawi wa jamii na familia zinazouguza wagonjwa wa sonona, Dar es Salaam

Wazazi wangu na wakubwa zangu mliomo humu ukumbini, shikamooni. Ndugu wauguzi, maofisa ustawi wa jamii, kaka na dada mnaouguza ndugu zenu majumbani, na ninyi mliokuja kwa sababu maradhi haya mnayajua kutokea ndani, habari za asubuhi.

Nimeombwa nizungumze juu ya tiba ya uzingativu, yaani mafunzo ya kuyaelekeza makini kwenye kinachotokea sasa, kwa watu wanaoishi na sonona, na ningependa kuanzia kwenye msemo ambao bila shaka kila mmoja wenu ameutumia juma hili. Mtu akipita mtaani ameinamisha kichwa, salamu haitikii, chakula amekigusa tu akakiacha, hatusemi kwamba anaumwa. Tunasema ana mawazo. Jirani akimuuliza mama wa kijana huyo, mama atajibu kwamba siku hizi mwanangu ana mawazo mengi, na wote wawili wataelewana bila kufafanuliana. Nilifanya kazi ya ushauri nasaha kwa miaka mingi kabla ya kutambua kwamba lugha yetu, katika msemo huo mfupi, imeshika jambo ambalo watafiti walilifikia kwa njia ndefu: kwamba sonona, hasa ile yenye tabia ya kurudi, hulishwa na mawazo yanayojizungusha, na kwamba mawazo hayo ni kitu ambacho mtu anacho, kama anavyoweza kuwa na homa au deni. Mwenye homa haitwi homa. Nitarudi kwenye neno hilo.

Tuwekane sawa kwanza kuhusu ugonjwa wenyewe. Huzuni ya msiba, hata ikiwa nzito kiasi gani, ina njia yake na watu wake. Tuna matanga, tuna majirani wanaolala sebuleni, tuna arobaini. Sonona ni pale ambapo mtu, kwa muda usiopungua majuma mawili na karibu kila siku, amezama katika huzuni au amepoteza hamu ya vitu alivyovipenda, na pamoja na hayo usingizi umeharibika, nguvu zimemwisha, akili haitulii kwenye jambo lolote, na moyoni anajiona hafai, au ni mzigo kwa wenziwe, hata pengine anatamani kufa. Shirika la Afya Duniani limekadiria kwamba watu zaidi ya milioni 280 wanaishi na ugonjwa huu, na kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati zaidi ya robo tatu ya wagonjwa hawapati matibabu yoyote. Ninyi mnaofanya kazi zahanati mnazijua sura zilizo nyuma ya tarakimu hizo: huja wakilalamikia kichwa, mgongo, moyo kwenda mbio, wakapewa dawa za maumivu, wakarudi tena baada ya mwezi na maumivu yale yale.

Leo sikuja kueleza namna ya kumtoa mtu katika sonona iliyomshika sasa hivi. Kwa hilo dawa zipo na ushauri nasaha upo, na mgonjwa aliye katika hali hiyo anastahili kuvipata bila kuchelewa. Nimekuja kuzungumzia kipindi tunachokisahau, yaani baada ya mtu kupona. Angalau nusu ya wanaougua sonona kwa mara ya kwanza huja kuugua tena, na kadiri mtu anavyougua mara nyingi ndivyo uwezekano wa kurudi kwake unavyoongezeka. Sisi lakini tukishaona mgonjwa anacheka, anakula na amerudi kazini, tunamshukuru Mungu, tunafunga faili. Hakuna anayemwambia mama huyu afanye nini siku atakapoamka na ule uzito anaoujua, kabla haujawa ugonjwa kamili. Pengo hilo ndilo tiba hii ilibuniwa kuliziba.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanasaikolojia watatu, Zindel Segal wa Toronto nchini Kanada, Mark Williams aliyekuwa Bangor huko Wales, na John Teasdale wa Cambridge nchini Uingereza, walianza kutafuta namna ya kuwakinga watu waliokwisha kupona. Nia yao ya awali ilikuwa kurekebisha kidogo tiba ya fikra iliyokuwapo tayari, ile ambayo mtaalamu humsaidia mgonjwa kuhoji mawazo yake na kuuliza ushahidi uko wapi kwamba yeye hafai. Walipochunguza kwa nini tiba hiyo ilionekana kukinga, wakaanza kushuku kwamba faida haikutoka tu katika kubadilisha kilichomo ndani ya wazo. Mgonjwa, kwa kuyahoji mawazo yake mara kwa mara, alikuwa amejifunza kusogea nyuma kidogo na kuyatazama. Wakajiuliza kama ufundi huo wa kusogea nyuma unaweza kufundishwa moja kwa moja. Ndipo wakaenda Worcester, katika jimbo la Massachusetts nchini Marekani, kwa Jon Kabat-Zinn, ambaye tangu 1979 alikuwa akiendesha kliniki ya watu wenye maumivu sugu na msongo wa mawazo, akiwafundisha kukaa kimya na pumzi zao na miili yao.

Sehemu ya kisa hiki ninayoithamini kuliko zote ni kwamba hawakuelewa mara moja. Walichukua mbinu chache wakarudi nazo nyumbani, na mgonjwa alipopatwa na huzuni nzito katikati ya kikao, wao, kama matabibu wazuri, waliirukia huzuni hiyo ili waitatue. Waliporudi Worcester kutazama kwa makini zaidi, waliona kwamba walimu wa kule hawakurukia kitu. Walikaa na maumivu ya mtu pamoja naye, kwa upole na bila haraka, na waliweza kufanya hivyo kwa sababu wao wenyewe walikuwa wakiyafanya mazoezi hayo katika maisha yao. Basi watafiti hao watatu nao wakaanza kukaa kimya kila siku. Hadi leo hilo ni sharti la kazi hii: mwalimu hafundishi asichokifanya. Nawaomba mlikumbuke siku mtakapoletewa semina ya siku mbili na kuahidiwa cheti.

Sasa tutazame kinachotokea ndani ya kichwa. Mtu ambaye hajawahi kuugua sonona, akiamka na huzuni kidogo Jumatatu, huwa amehuzunika tu, na kufika mchana huenda imekwisha kupita. Yule aliyeugua mara tatu au nne akiamka na huzuni ile ile, ndogo vile vile, kwake inakuja na msafara: nimeanza tena, mimi ni wa hivi hivi, watoto wangu wamepata mama gani huyu. Katika kila kipindi cha ugonjwa, huzuni na mawazo ya namna hiyo vilikaa pamoja mpaka vikazoeana, hata kimoja kikigongwa cha pili kinaitika. Kisha akili, kwa nia njema kabisa, inaingia kazini. Akili hiyo ndiyo inayotupangia ada za watoto na kodi ya nyumba: inapima hapa nilipo na pale ninapotaka kufika, inahesabu pengo, inatafuta njia. Ukiipa suala la ada, mara nyingi italeta jibu. Ukiipa huzuni, inauliza kwa nini niko hivi, na kila inapouliza inafungua kumbukumbu nyingine ya kushindwa, pengo linapanuka, huzuni inazidi, na kwa kuwa huzuni imezidi inauliza tena kwa nguvu zaidi. Mtu anakesha akiwaza na kuwazua, akiamini kwamba anatafuta mlango wa kutokea, na alfajiri inamkuta amechoka kama aliyepigwa.

Ndugu zetu Washona wa Zimbabwe wana neno kwa hali hiyo, kufungisisa, maana yake kufikiri kupita kiasi. Kwa neno hilo, na kwa akina bibi waliofunzwa kusikiliza, Dakta Dixon Chibanda na wenzake wa Harare walijenga huduma ya Benchi la Urafiki, ambayo imefika hadi Zanzibar. Huduma hiyo ni tiba nyingine, inayomsaidia mtu kulichagua tatizo moja la maisha yake na kulitatua hatua kwa hatua, na kwa mtu anayeumwa sasa hivi ninaiheshimu sana. Nimeitaja kwa sababu inaonyesha kwamba maneno ya watu wenyewe yanaweza kuwa mlango wa tiba. Na sisi tunalo letu, mawazo, tunalolibeba bila kulitumia.

Uzingativu ni kuyaelekeza makini, kwa kukusudia, kwenye kile kinachotokea sasa, katika mwili, katika pumzi, katika sauti za chumbani, katika mawazo yenyewe, bila kukihukumu na bila kukisukuma kiondoke. Wengi hudhani maana yake ni kuifanya akili iwe tupu. Akili haiwi tupu. Hata ya mwalimu haiwi tupu. Kinachofundishwa ni kutambua kwamba akili imekwenda, kuona imekwenda wapi, na kuirudisha taratibu bila kujigombeza, kisha kufanya hivyo tena mara mia. Mtu aliyeirudisha akili yake mara mia amefanya zoezi vizuri, wala asijione ameshindwa mara mia.

Kozi yenyewe ina majuma 8. Kikundi cha watu wapatao 12 hukutana mara moja kwa juma kwa saa 2, na katikati kila mmoja hufanya mazoezi nyumbani siku 6, yapata dakika 45 kwa siku. Kikao cha kwanza huanza na zabibu kavu moja. Kila mtu hupewa yake na kuombwa aitazame kana kwamba ameshuka duniani leo na hajawahi kuiona: mikunjo yake, rangi yake kwenye mwanga, kitobo palipokuwa na kikonyo, aisikilize anapoiviringisha karibu na sikio, ainuse, aiweke ulimini bila kuitafuna, kisha aitafune polepole. Hakuna muujiza. Watu hustaajabu tu kugundua kwamba wamekula zabibu katika pilau maisha yao yote na hawakumbuki hata moja, na kutoka hapo huuliza wenyewe ni mambo mangapi mengine hupita hivyo. Huwa nafurahi kuwaambia wanafunzi kwamba Dodoma, makao ya Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe, ndiyo pia nchi yetu ya zabibu. Chombo cha somo la kwanza hatuhitaji kukiagiza kutoka mbali.

Baada ya hapo huja zoezi la kuupitia mwili, ambapo mtu hulala chali na kuyapeleka makini kutoka vidole vya miguu hadi utosini, akihisi kilichopo, hata kama kilichopo ni ganzi. Katika kazi yangu nimeona kwamba zoezi hili ndilo linalowagusa zaidi watu wetu, maana mgonjwa anayesema moyo unawaka au kichwa kina wadudu hakuhitaji kufundishwa kwamba huzuni hukaa mwilini; anahitaji mtu wa kukaa naye anapoisikiliza. Yapo mazoezi ya kunyoosha viungo kwa utaratibu, ya kutembea polepole, ya kukaa na pumzi. Lipo zoezi fupi la dakika 3, linaloweza kufanyika ndani ya daladala au mbele ya jiko: dakika ya kwanza unajiuliza ni nini kilichopo sasa, mawazo gani, hisia gani, ya pili unayakusanya makini yako kwenye pumzi, ya tatu unayapanua yaenee mwili mzima. Wengi waliomaliza kozi na kuacha mengine yote huniambia kwamba hilo wamebaki nalo.

Kuanzia katikati ya kozi somo linageukia mawazo yenyewe. Mwalimu huwaomba watu wakae kimya na kuyaona mawazo yanavyoingia na kutoka kama abiria kwenye kituo: unaweza kuona basi limesimama na mlango umefunguliwa pasipo kulazimika kupanda. Wazo linalosema sifai ni wazo. Limekuja, lina sauti, lina uzito kifuani, na bado ni wazo. Hapa ndipo ninapolirudia neno letu. Tusemapo nina mawazo, sarufi yenyewe imekwisha kutenganisha mwenye kitu na kitu. Nimewahi kumwona mama mmoja, katika juma la nne, akisimama kwenye maneno hayo aliyoyasema maisha yake yote, akayarudia polepole, nina mawazo, kisha akauliza: kumbe basi mimi ni nani ninayekuwa nayo? Sikumjibu, wala hakuhitaji jibu langu.

Na je, inafaa? Niseme kwa uangalifu, maana watu waliokwisha umia hawapaswi kuuziwa matumaini ya bandia. Jaribio la kwanza lilichapishwa 2000, likiwa na watu 145 waliokuwa wamepona, huko Toronto, Cambridge na Bangor. Miongoni mwa waliokwisha kuugua mara tatu au zaidi, waliopata huduma za kawaida tu walirudi kuugua kwa asilimia 66 katika muda wa ufuatiliaji, na waliopata huduma hizo pamoja na kozi hii walirudi kwa asilimia 37. Kwa waliougua mara mbili tu, kozi haikuonyesha faida. Jaribio la pili, la 2004, lilitoa picha inayofanana, na likaonyesha kwamba kinga ilikuwa kubwa zaidi pale ugonjwa uliporudi bila tukio kubwa la maisha kuusukuma, yaani pale ambapo mawazo yalikuwa yamejifunza kujiwasha yenyewe. Kwa mantiki niliyoieleza, ndivyo tungetarajia. Mwaka 2016 matokeo ya majaribio 9 yenye watu 1,258 yalipounganishwa, hatari ya kurudi kuugua ndani ya majuma 60 ilionekana kupungua kwa takriban asilimia 31 kwa waliopata kozi, ikilinganishwa na wasioipata.

Swali la dawa huulizwa kila mara, na najua limo humu ukumbini. Nchini Uingereza watu 424 waligawanywa: nusu waliendelea na vidonge vya kuzuia sonona, na nusu walipata kozi hii pamoja na usaidizi wa kupunguza vidonge taratibu. Matokeo yalichapishwa 2015. Baada ya miaka 2, waliorudi kuugua walikuwa asilimia 47 upande wa vidonge na asilimia 44 upande wa kozi, tofauti ambayo kitakwimu si kitu. Watafiti walitarajia kozi ishinde, na haikushinda. Kwangu mimi hiyo ni habari njema ya namna yake: mtu ambaye hawezi au hataki kumeza vidonge kwa miaka ana njia nyingine yenye kinga inayokaribiana. Lakini namsihi kila mgonjwa na kila ndugu anayenisikia: dawa haziachwi kwa kusikia hotuba. Katika utafiti huo zilipunguzwa kidogo kidogo, daktari akijua. Anayeziacha ghafla hujiweka katika hatari, na iwapo mtu ana mawazo ya kujidhuru, mahali pake leo ni hospitalini akiwa na mtu wa kumsindikiza. Mkeka wa mazoezi usubiri.

Mipaka mingine ipo. Watu waliopitia ukatili, wakifumba macho na kutulia, wanaweza kurudiwa na yale waliyoyakimbia. Hao huachwa wafumbue macho, wazingatie nyayo zao sakafuni, waache zoezi wakati wowote wanapotaka, na mwalimu asiyejua kufanya hivyo asiwaguse. Wala tusidhani kwamba kinachomkinga mtu mzima aliyeugua mara tatu kitamfaa kila mtu. Waingereza walipoujaribu uzingativu katika shule 85, kwa wanafunzi zaidi ya 8,000, matokeo yaliyotolewa 2022 hayakuonyesha kwamba uliwakinga watoto hao na sonona kuliko mafunzo ya kawaida ya shule. Dawa ya wenye historia fulani haikuwa dawa ya darasa zima.

Mashehe na wachungaji wameniuliza kama hii ni ibada ya kigeni iliyovishwa koti jeupe. Wanastahili jibu la kweli. Mazoezi haya yana chimbuko katika dini ya Buddha, na Kabat-Zinn hakulificha. Aliyaleta hospitalini bila ibada, bila maombi kwa yeyote na bila kumtaka mtu abadili imani. Nami huwajibu kwa kuwauliza swali: ni mara ngapi umesimama kwenye msala ulimi unasoma na moyo uko dukani unahesabu bidhaa? Waislamu wanaijua kazi ya kutafuta khushuu, na Wakristo wanaijua kazi ya kutulia mbele za Mungu. Kuyarudisha makini yaliyotoroka si kitu kigeni kwao. Tiba haichukui nafasi ya sala, na wapo walioniambia kwamba baada ya kozi wamesali wakiwapo.

Ugumu wetu mkubwa nauona kwingine, nao ni dakika 45. Mama anayeamka saa kumi na moja alfajiri, anayeishi na watoto wanne katika vyumba viwili vya kupanga, atazipata wapi? Ukimpa kazi ya nyumbani asiyoiweza, umempa ushahidi mwingine kwamba hafai. Kwa hukumu yangu, dakika 15 zinazofanyika kweli, pamoja na kuosha vyombo na kuchota maji kwa makini kamili, ni bora kuliko dakika 45 za kwenye karatasi, ingawa natambua kwamba majaribio niliyoyataja yalipima kozi nzima na siwezi kuahidi kinga ile ile. Kwa upande wa huduma, hata hivyo, hesabu inatupa moyo. Ukiwaona watu 12 mmoja mmoja, saa moja kila juma kwa majuma 8, umetumia saa 96. Kikundi hicho hicho hutumia saa 16 za vikao, ukiachilia mbali mazungumzo ya awali na kila mmoja. Kwa nchi yenye wataalamu wachache kama yetu, tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama huduma itakuwapo au haitakuwapo.

Katika juma la nane kila mtu huandika karatasi yake. Upande mmoja huandika dalili zake mwenyewe kwamba sonona inakaribia, kwa maneno yake, maana dalili za vitabuni hazimwamshi mtu usiku. Mmoja aliandika: naacha kupokea simu za dada yangu. Mwingine: naona kanga zangu zote zimechakaa. Mwingine: nalala na viatu. Upande wa pili huandika atakachofanya siku ya kwanza atakapoiona dalili hiyo, mambo madogo kiasi kwamba hata mtu aliyechoka anaweza kuyafanya: kuvuta zile dakika 3, kuoga, kutoka nje ya mlango, kumwambia mtu fulani kwa jina, kwenda kliniki tarehe fulani. Kisha huchagua ndugu mmoja wa kumpa nakala, na ndugu huyo huambiwa hatakiwi kutoa mawaidha. Kazi yake ni kuja na kukaa.

Nimechapa karatasi tupu za namna hiyo kwa kila aliyemo humu, wagonjwa na wasio wagonjwa. Ziko mezani karibu na mlango, pamoja na bakuli la zabibu kavu. Tutaanza na zabibu, kisha nitapokea maswali yenu. Asanteni kwa kunisikiliza.